Nyumba na karakana kwenye kiwanja kimoja: mwongozo kamili kwa anayejiandaa kustaafu Mwanza

Ukizunguka Buswelu, Kisesa au Buhongwa utaona boma kubwa lisilo na bati, nyasi zimeota sebuleni, na nyuma yake kibanda cha mabati ambamo mwenye nyumba anaranda mbao akiwa ameinama. Alitaka kustaafu, ahamie kwake, afanye kazi ya mikono taratibu na kuongezea pensheni. Mara nyingi kilichomkwamisha ni mpangilio. Nyumba ilichorwa kwanza, karakana ikatafutiwa nafasi iliyobaki, na hela ikaishia kwenye vyumba vinne ambavyo watoto wanalala wiki moja kwa mwaka.

Hapa tunageuza utaratibu. Karakana inachorwa kwanza na inajengwa kwanza. Tena inajengwa iweze kujitegemea, ili siku mikono ikichoka igeuke fremu ya kupangisha. Nimechukua useremala kuwa mfano kwa sababu unadai nafasi, umeme na uangalifu wa moto kuliko ushonaji au ufundi wa redio. Ukiwa mchomeleaji, mengi yanakuhusu vilevile.

## Mahitaji kabla ya kuchimba

Hesabu hii ni ya karakana ya mita 4.5 kwa 7.5, kuta za mita 3 kufikia lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

Nyaraka: hati miliki au nyaraka za upimaji, risiti ya kodi ya pango la ardhi, kitambulisho cha NIDA, ramani ya jengo iliyochorwa na mtu anayetambulika na halmashauri.

Watu: fundi ujenzi, fundi wa kupaua, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na mlinzi wa saiti.

Vifaa:
- Tofali za sementi za nchi 6: kama 600. Piga tofali 10 kwa kila mita ya mraba ya ukuta, ukishaondoa milango na madirisha. Hapo za kuvunjika zimo.
- Sementi: mifuko 90 hivi ya kilo 50, kuanzia msingi mpaka plasta. Jamvi, yaani zege la sakafu, peke yake linakula 27.
- Mawe ya msingi: mita za ujazo 9 hadi 10.
- Nondo: 18 za milimita 12 na 12 za milimita 8 kwa ajili ya ringi za kufungia nondo kubwa.
- Bati geji 28 za kutosha mita 55 za mraba, na mbao za kenchi (fremu za kubeba paa) zilizopigwa dawa.
- Nailoni nzito ya kutandika chini ya jamvi, na dawa ya mchwa.
- Mchanga, kokoto, kifusi, mabomba ya waya.

Bei sikuweka makusudi, maana inabadilika kutoka duka hadi duka na kutoka msimu hadi msimu. Chukua orodha hii, ipeleke kwenye maduka matatu ya vifaa, Nyakato na mjini, uandikiwe bei zote. Duka la bei nafuu kwenye sementi mara nyingi silo la bei nafuu kwenye nondo.

## Hatua ya 1: Pima kazi kabla ya kupima nyumba

Chukua daftari, andika kitu kikubwa kuliko vyote utakachotengeneza. Kabati la nguo? Kitanda cha sita kwa sita? Milango ya mbao? Kitu hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa mlango wa karakana, na mlango unaamua mengine.

Sasa andika malighafi kubwa kuliko zote. Karatasi ya plaiwudi au MDF ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Ukiipitisha kwenye msumeno wa meza unahitaji urefu wa karatasi nzima mbele ya mashine na urefu huohuo nyuma yake. Ongeza mita moja ya mashine yenyewe, unafika karibu mita 6. Ndiyo maana karakana yetu ina urefu wa mita 7.5. Iliyo na mita 4 itakulazimisha kukata karatasi ukiwa umesimama nje, na mvua ya vuli haingoji umalize.

Mlango: mita 2.4 kwa upana, mbawa mbili, ufunguke kwa nje. Paa liwe juu kiasi cha kukuwezesha kusimamisha karatasi wima bila kugonga taa. Mita 3 hadi 3.3 zinatosha.

Chora mashine zako kwa vipande vya karatasi, kwa kipimo cha sentimita 2 kwa mita 1, uvisogeze juu ya ramani. Umefaulu ikiwa mbao ya futi 12 inaingia mlangoni, inapita kwenye randa na kutoka bila kugeuzwa kona.

## Hatua ya 2: Kagua kiwanja kwa macho ya karakana

Matumizi ya ardhi. Soma hati yako. Ikiwa imeandikwa makazi tu, mashine za kelele zinaweza kusimamishwa kwa malalamiko ya jirani mmoja. Kama bado unatafuta kiwanja, kilichopangwa kwa makazi na biashara ni bora hata kikiwa mbali zaidi. Kama unacho tayari, uliza idara ya mipango miji utaratibu wa kubadilisha matumizi. Majirani watapewa nafasi ya kutoa maoni, kwa hiyo piga hodi kwao kabla karatasi za halmashauri hazijawafikia.

Ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Watu hudhani ni maneno ya ofisini. Mwaka 2020 maji yalipanda, na waliojenga ukingoni wakaona yakiingia ndani. Dalali akikwambia "hapa maji hayafiki", waulize wavuvi wa mwalo wa jirani yalifika wapi mwaka ule.

Njia ya lori. Mbao za msonobari zinatoka Mafinga na Sao Hill kwa malori. Kiwanja cha mlimani chenye mandhari ya ziwa nzima ni kizuri kwa chai ya jioni, lakini kama gari linaishia chini utalipa wabebaji kwa kila tripu, tangu tofali la kwanza hadi kabati la mwisho utakalouza. Kwa karakana, ningeacha mandhari nichukue barabara.

Mawe. Mwanza mawe ni mapambo na ni hatari. Jiwe kubwa lililokaa juu ya jingine usilichimbe chini yake hata kidogo, wala usijenge kwenye njia litakayoporomokea. Mvua ikishalowanisha udongo unaolishikilia, linaweza kuteleza.

Udongo. Chimba shimo la mita 1.2 kwenye kona mbili za kiwanja. Wasukuma wana majina ya udongo yanayokusaidia hapa kuliko maneno ya fundi:
- *Luseni*, mchanga wa miguuni mwa vilima. Rahisi kuchimba, unanywa maji vizuri, msingi wa kawaida unatosha.
- *Ibambasi*, mgumu kiangazi, ukilowa unayeyuka na kumomonyoka. Maji hayazami, hivyo shimo la majitaka litajaa upesi.
- *Mbuga*, mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na hupasua nyumba hivyohivyo.

Jaza shimo maji jioni, angalia asubuhi. Yakiwa bado yamesimama, panga majitaka kwa njia nyingine kabla hujachora choo.

## Hatua ya 3: Chora mpangilio

Hatua hii ni karatasi na penseli tu, na ndiyo inayookoa hela nyingi kuliko zote. Usiiharakishe.

Karakana ikae mbele, upande wa barabara. Mteja anafika bila kupita uani kwako, lori linashusha bila kukanyaga bustani ya mama, na siku ukipangisha, mpangaji ana mlango wake. Nyumba ikae nyuma. Kati yake acha uani usiopungua mita 3. Nafasi hiyo inakata kelele, inakata moto, na inakupa mahali pa kuanikia.

Kwenye kiwanja kidogo, tuseme mita 15 kwa 20, uani wa mita 3 unauma. Hapo utaunganisha majengo, kwa masharti mawili. La kwanza, weka vyumba visivyolala mtu vikae katikati: stoo, bafu, jiko. La pili, ukuta wa kutenganisha upande mpaka ugusane na bati, kisha uzibe kwa udongo wa sementi. Nimeona nyumba nyingi nzuri ambapo ukuta unaishia kwenye dari na juu yake pako wazi. Vumbi linapita, kelele inapita, na moto ukianza kwenye maranda unatembea juu ya dari hadi chumbani kabla hujasikia harufu.

Jua: Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Linawaka kutoka mashariki na magharibi, kaskazini na kusini hugusa kwa upole. Kwa hiyo kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yawe huko. Dirisha la magharibi kwenye karakana litakupiga usoni saa kumi jioni wakati mkono uko karibu na msumeno.

Upepo: mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa kuwa mashine zinafanya kazi mchana, vumbi litaelekea bara. Ukiweza, nyumba isikae upande huo. Barabara ikilazimisha kinyume, ifuate barabara, halafu panda uzio mnene uani na usiweke madirisha ya karakana kuelekea vyumbani.

Mwisho, chora kwa ajili ya magoti yako ya miaka 75. Nyumba ya chini, isiyo na ghorofa. Milango ya sentimita 90, korido ya mita 1.2. Mahali pa ngazi weka mteremko: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Baraza lililoinuka sentimita 30 linahitaji mteremko wa mita 3.6, nao haupatikani baadaye kama hukuuachia nafasi. Karakana iwe na choo chake. Mzee anayelazimika kuvuka uani na mvua kila mara ataacha kwenda karakana mapema kuliko alivyopanga.

## Hatua ya 4: Vibali

Peleka ramani halmashauri, Jiji la Mwanza kama uko Nyamagana, Manispaa kama uko Ilemela, na halmashauri za wilaya kwa Kisesa (Magu) au Usagara (Misungwi). Omba kibali cha ujenzi kwa mpango mzima, karakana na nyumba, hata kama utajenga kwa awamu. Kuomba mara mbili ni kulipa mara mbili. Uliza pia kibali kinadumu muda gani na kinahuishwaje, kwa sababu wewe utajenga polepole.

Jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA na leseni vinaweza kungoja mpaka jengo lisimame. Usajili wa sehemu ya kazi OSHA uliza mapema, maana unaweza kugusa madirisha na njia za kutokea.

## Hatua ya 5: Hela na kalenda

Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55 na kwa lazima wakiwa na 60. Mkupuo wa mfuko wa pensheni, PSSSF au NSSF, ni sehemu tu ya mafao, nyingine huja kila mwezi. Kosa kubwa ni kuupigia mkupuo hesabu kana kwamba ndio bajeti ya ujenzi. Ukimaliza wote kwenye tofali, huna mtaji wa mbao wala akiba ya hospitali.

Mpango ninaoupendekeza: karakana ijengwe kwa mshahara, miaka mitatu hadi mitano kabla ya kustaafu. Nyumba ianze ukishajua karakana inaingiza nini. Karakana iliyokwisha pauliwa inakuwa stoo ya sementi, chumba cha mlinzi, na mahali pa kutengenezea milango na fremu za nyumba yako mwenyewe.

Kwa kalenda, fuata mvua. Vuli huanza kama Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na Juni hadi Septemba ni kiangazi. Msingi na jamvi Juni, kuta Julai, na bati liwe juu kabla Oktoba haijafika. Fedha isipotosha kufika kwenye bati, ishia kwenye jamvi na ungoje mwaka mwingine. Boma lisilo na bati linalowa masika mawili, juu ya kuta panaota majani, na ukirudi unalipa fundi kubomoa kozi za juu.

## Hatua ya 6: Msingi na jamvi

Hapa mwamba na udongo vinakutana kwenye kiwanja kimoja, na nyufa nyingi za Mwanza zinaanzia hapo. Nusu ya jengo ikikaa juu ya mwamba na nusu juu ya udongo, ile ya udongo inashuka kidogo, ya mwamba haishuki, ukuta unapasuka katikati. Ama jenga jengo zima upande mmoja, ama likate kwa kiungo: kuta mbili zinazojitegemea zenye mwanya wa sentimita 2 hadi 2.5 kuanzia msingi hadi bati.

Kwenye mwamba: usimwage zege juu ya jiwe laini lililoinama, litateleza. Chonga ngazi, toboa matundu ya sentimita 30, pachika nondo za milimita 12 kwa sementi nzito, ndipo umwage. Upande wa mlimani chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Kwenye mbuga: toa udongo mweusi wote ukiweza, au shuka chini ya mwisho wa nyufa za kiangazi. Jaza kifusi kizuri na sukia mkanda wa zege wenye nondo chini kabisa ya ukuta. Ni gharama, lakini kuziba nyufa kila mwaka ni gharama isiyoisha.

Mchanga. Jaza chupa ya plastiki mchanga sentimita 10, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope la juu likizidi sentimita 1, rudisha lori. Mchanga wa kandokando ya ziwa hauna chumvi, ila mara nyingi una tope na makombe.

Jamvi. Shindilia kifusi kwa tabaka za sentimita 15, moja baada ya nyingine. Piga dawa ya mchwa, tandika nailoni, mwaga zege la moja kwa mbili kwa nne, unene wa sentimita 12.5. Chini ya mashine nzito fanya sentimita 20, na kati ya jamvi na ukuta weka kipande chembamba cha sponji ngumu ili mtikisiko usisafiri. Simamia upimaji kwa ndoo au boksi. Fundi akipima kwa koleo, kila mchanganyiko utakuwa na nguvu yake.

Mwagilia maji siku saba, asubuhi na jioni, funika kwa magunia. Usifunge mashine kwa bolti kabla ya siku 28.

Gonga jamvi kwa nyundo ndogo: mlio uwe mkavu, usio na mwangwi wa uwazi. Weka ubao ulionyooka wa mita 3 juu yake; mwanya chini yake usipite milimita 5.

## Hatua ya 7: Kuta, lenta na paa

Chagua tofali kabla hazijafika saiti. Lidondoshe moja toka usawa wa goti kwenye udongo mgumu. Likipasuka vipande, tafuta mfyatuaji mwingine.

Lenta izunguke jengo lote bila kukatika, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20. Mafundi wengine huweka vipande tu juu ya madirisha kuokoa nondo. Kataa. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9, nyumba nyingi za Bukoba zikaanguka au kupasuka, na Kagera ni jirani yetu wa ziwa hilihili. Mkanda kamili ndio unaofunga kuta zisiachane.

Ukimwaga lenta, zamisha ndani yake vipande vya chuma bapa au nondo nyembamba za kufungia kenchi. Dhoruba ya ziwani hainyanyui bati peke yake. Hunyanyua kenchi nzima ambayo imeshikwa na misumari miwili. Bati geji 28 linavumilia kuliko geji 30, na kwenye kelele za mvua utashukuru. Weka karatasi mbili au tatu za plastiki zinazopitisha mwanga, upande wa kusini wa paa.

Dirisha la karakana lianze mita 1.1 toka sakafuni, ili benchi likae chini yake.

## Hatua ya 8: Umeme

Omba mita ya pili ya LUKU kwa ajili ya karakana. Mita ya nyumbani ya matumizi madogo ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na randa moja itakivuka upesi. Isitoshe, ukipangisha hutagombana na mpangaji kuhusu nani kamaliza umeme.

Mota ya nguvu za farasi 3 ni kilowati 2.2. Inapowaka huvuta mkondo mara tano au zaidi ya kawaida, ndiyo maana taa za sebuleni huzama. Kila mashine kubwa ipewe laini yake kutoka kwenye breka yake, waya wa milimita 4 za mraba. Soketi za kawaida 2.5, taa 1.5. Weka breka inayokata umeme ukivuja, na swichi ya dharura nyekundu karibu na mlango, mahali unapoweza kuigonga kwa kiwiko.

Huenda leo huhitaji umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa. Laza bomba tupu la milimita 50 kutoka nguzoni hadi karakana hata hivyo. Kesho ukipata mashine nzuri ya zamani ya njia tatu, hutachimba jamvi.

Eathi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye mwamba inastahili aya yake. Fito ya shaba ya kawaida haizami kwenye jiwe, na fundi mvivu huikata, akapigilia nusu. Mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo eathi hiyo ni pambo tu. Mwambie achimbe mtaro ulalao kwenye udongo wenye unyevu, pengine karibu na mahali maji ya bafu yanapopita, alaze waya mtupu wa shaba mita kadhaa, afukie na kupima kwa kifaa mbele yako. Ukanda wa ziwa una radi nyingi. Chomoa mashine wingu likikusanyika.

## Hatua ya 9: Vumbi, moto na maji

Shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Fagio hulirusha tu hewani. Tafuta mashine ya kunyonya vumbi, na wakati wa kupiga msasa vaa barakoa ya N95. Feni ya kutolea hewa iwe upande ambao upepo wa mchana unaelekea.

Maranda wafugaji wa kuku watakuja kuyachukua wenyewe. Ya mbao zilizopigwa dawa usiwape.

Thina, vanishi na rangi zikae kwenye kabati la chuma nje ya karakana, lenye matundu juu na chini. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi huweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa. Vitandaze nje vikauke. Mtungi wa kuzimia moto wa unga ukae mlangoni. Ukiuweka ndani kabisa utalazimika kuupita moto ili kuufikia.

Maji: bati la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 10 linakupa lita 1,000, sema 800 baada ya upotevu. Weka gata na tenki tangu mwanzo, hata kama MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wamekufikia. Kama shimo lako la Hatua ya 2 halikunywa maji, jenga karo lililoinuliwa, au uliza kama mtandao wa majitaka unapita kwako, maana baadhi ya vilima vya mjini vimeunganishwa.

## Hatua ya 10: Nyumba

Sasa nyumba, na nitapita haraka kwa sababu fundi wako anaijua. Chumba chako cha kulala, kimoja cha wageni, sebule, jiko, bafu. Watoto wakija wote, magodoro yapo. Kinachosahaulika ni bafu: jaza zege matundu ya tofali kwenye kuta za kando ya choo, ili baadaye vishikio vya chuma viwe na pa kushika. Sakafu yake iwe ya vigae visivyoteleza. Uani, funika kwa bati njia ya kutoka mlango wa jiko hadi karakana.

## Hatua ya 11: Jaribio kabla ya kuhamia

Washa mashine zote kwa pamoja saa tatu asubuhi, mtu mmoja abaki karakana, wewe nenda chumbani ukafunge mlango. Ukiweza kuongea na simu bila kupaza sauti, mpangilio umekubali. Usipoweza, tafuta mwanya, mara nyingi uko juu ya ukuta kwenye bati.

Rudi, angalia waya baada ya saa nzima ya kazi. Gusa mfuniko wa breka: ukiwa vuguvugu ni sawa, ukiwa wa moto muite fundi umeme.

Mwaga ndoo ya maji mbele ya mlango mkubwa uone yanaelekea wapi. Yakirudi ndani, chonga mteremko kabla ya mvua.

Kisha nenda kwa jirani wa kila upande umsalimie, umuulize alisikia nini. Kubalianeni saa za mashine, kwa mfano saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, na siku za ibada mapumziko. Ziandike, zibandike kwenye mlango wa karakana. Ukija kupangisha, nakili saa hizohizo kwenye mkataba wa mpangaji.